Unatafuta deki ya mkanda kwa ajili ya hom thieta? Anza na mikanda yako kwanza

Juzi jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma, kafunga flati ya inchi 55 ukutani, chini yake kapanga sabufa na spika zake tano, waya kazificha vizuri kabisa, afu jioni kaja kwangu na swali moja tu: "Kaka, deki ya mkanda, ile ya ukweli, napata wapi? Mama anataka kuangalia harusi yake kwenye hii kitu." Ni mtu wa nne mwaka huu kuniuliza hivyo na wote wanaanzia hapohapo, wapi, shilingi ngapi, JVC au Panasonic, yani kama mtu anaulizia bei ya matairi kabla hajasema gari lenyewe ni Noah au Fuso. Kwahiyo leo naandika yote kwa mkupuo, ni ndefu kidogo mnivumilie.

Deki, yani mashine ya kuchezesha mikanda ya video ya VHS, ni swali la mwisho. Swali la kwanza ni hiyo mikanda uliyonayo chini ya kitanda, imerekodiwa wapi, imerekodiwa na nini na sasa hivi iko kwenye hali gani.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuikuta hii habari, huku Bara deki ilitangulia, vituo vya TV vikaja baadae. Zanzibar walikuwa na kituo chao cha rangi tangu miaka ya 70, lakini Bara mpaka 1994 hakukuwa na kituo chochote, sasa mtu aliyekuwa na TV Kigoma mwaka 1988 alikuwa anaangalia nini? Deki. TV ilinunuliwa kwa ajili ya deki. Na sisi tuko mwisho wa reli, ziwa liko mlangoni, kwahiyo mikanda ilituingia kila upande, mingine ilipanda treni Dar ikashuka stesheni hapa, mingine ikaja na boti kutoka Bujumbura au Uvira au Kalemie, mingine shemeji kaituma kutoka Ulaya au Marekani. Boksi moja la mikanda kwenye nyumba moja ya Ujiji linaweza kuwa na mikanda ya dunia nzima, na hapo ndo kasheshe inapoanzia.

Maana mkanda wa VHS kwa nje ni uleule popote. Kilichoandikwa ndani ndo kinatofautiana.

Tanzania tulitumia mfumo wa PAL, picha ina mistari 625 na zinapita picha 25 kila sekunde. Burundi na Kongo wao walifuata ya Wafaransa, SECAM, nayo ni mistari 625 na picha 25 vilevile ila rangi inaandikwa kwa namna nyingine kabisa. Marekani na Japani ni NTSC, mistari 525 na picha karibu 30. Sasa ukichukua mkanda wa SECAM ukauweka kwenye deki ya PAL tupu, picha inatulia vizuri tu, sauti safi, lakini rangi hamna, mtu mweusi na shati jeupe kama picha ya kitambulisho. Ukiweka wa NTSC kwenye deki isiyoujua ndo vurugu, picha inapanda juu kama mtu anakunja mkeka.

Mjomba wangu aliteseka na hili. Alikuwa na mkanda wa ubatizo uliorekodiwa Bujumbura, kila akiuweka hauna rangi, akapeleka deki kwa fundi, fundi akasafisha hedi, kile kidude kinachosoma mkanda, akala hela, hamna rangi, akapeleka kwa fundi wa pili akabadilishiwa sijui nini na sijui nini, hamna rangi, miaka inapita mzee anaamini mkanda umechuja kwa jua. Siku tumeuweka kwenye deki ya mifumo mingi iliyotoka Ulaya, gauni la mtoto likatoka na utepe wa pinki. Mzee alikaa kimya muda mrefu afu akaanza kuwataja wale mafundi kwa majina.

Kwahiyo kabla hujatoa hela geuza deki soma kibandiko cha nyuma. Nyingi zilizokuja kupitia Dubai zimeandikwa PAL, MESECAM na NTSC. Angalia vizuri hapo, MESECAM, ile SECAM ya deki za Mashariki ya Kati, na SECAM yenyewe sio kitu kimoja japo majina yanafanana kama Hassan na Hussein. Mkanda uliorekodiwa kwa SECAM halisi ya Kifaransa hautoi rangi kwenye deki ya MESECAM, na wauzaji wengi hawalijui hilo, watakuapia hadi kwa bibi yao. Dawa ni kwenda na mkanda wako mwenyewe. Kama mikanda yako yote ni ya harusi za hapahapa, ya PAL, usijisumbue na hii aya, ruka.

Haya, tuingie ndani ya deki. Ukiifungua mfuniko utaona kitu cha duara kinachong'aa kama kopo la maziwa, kimekaa upande upande, wengine wanaita ngoma. Ule upande upande sio kwamba imepinda, ndo siri yenyewe. Mkanda unaizunguka ngoma taratibu sana, kwenye PAL ni sentimita 2.3 tu kwa sekunde, polepole kuliko hata kaseti ya redio ambayo inakwenda sentimita 4.76. Lakini ngoma yenyewe inazunguka mara 25 kwa sekunde ikiwa na hedi zimechomoza ubavuni, ndogo huzioni mpaka uinamie, kwahiyo hedi inakwaruza mkanda kwa mwendo wa karibu mita 5 kwa sekunde, na inaandika vistari vya mshazari vyembamba kuliko unywele, 50 kila sekunde. Ukishaelewa hapo umeelewa karibu magonjwa yote ya deki. Picha ina mvua? Hedi chafu au imeisha. Kuna mstari wa mchanga unapanda na kushuka? Hedi haipiti katikati ya kistari chake, ndo kile kitufe cha trakingi tulikuwa tunakikoroga mpaka mtu anapigwa teke na wenzie.

Hedi ngapi? Mbili zinatosha kuonyesha picha. Nne ni bora, maana mbili zinakuwa za mwendo wa kawaida na mbili za mwendo wa nusu ule wa LP ambao watu walirekodia ili mkanda wa masaa matatu uchukue sita, na pia ukibonyeza pozi picha inasimama bila kutetemeka. Sasa kuna deki zimebandikwa "hedi 6" na muuzaji anaongeza bei. Mara nyingi hapo ni nne za picha na mbili za sauti, basi, sio kwamba picha ni bora mara moja na nusu. Lakini hizo mbili za sauti ndo mimi nakwambia usiziache kama una hom thieta, na hapa nitakaa kidogo.

Deki ya kawaida sauti yake imeandikwa ukingoni mwa mkanda, na hedi iliyosimama tu, haizunguki. Kumbuka mkanda unatembea sentimita 2.3 kwa sekunde. Kwa mwendo huo wa kinyonga sauti nyembamba zote zinapotea, tarumbeta inakuwa kama mtu anaimba na leso mdomoni, na huko nyuma kuna "sssss" isiyoisha. Ukiipeleka hiyo kwenye spika tano na sabufa unachokuza ni hiyo sssss. Deki ya Hi-Fi inafanya kingine, sauti inaandikwa na zile hedi zinazozunguka, kwa mwendo wa mita 5, chini kabisa ndani ya mkanda afu picha inaandikwa juu yake, na unapata stirio kamili, besi na trebo zote ambazo sikio linaweza kusikia. Jamani tofauti ni kubwa mno. Mimi wa kwanza niliikosa kijinga, nimeikuta kwenye meza ya mitumba imeandikwa Hi-Fi mbele, namuuliza dada anayeuza hii vipi, kaisoma akanambia "hiyo haifai kaka, si imeandikwa", nikamwamini nikanunua ya pembeni yake. Hadi leo nikimkuta sokoni tunacheka.

Na kuna zawadi nyingine hapo. Sinema nyingi za orijino za miaka ya 80 mwishoni na 90, zile zilizokuja na boksi zuri, ziliwekewa sauti ya Dolby Surround ndani ya hizo njia mbili tu za stirio. Ukichukua waya mwekundu na mweupe ukaupeleka kwenye redio yako ya hom thieta, ukawasha Pro Logic, ile sehemu ya redio inayoifungua hiyo Dolby Surround, spika za nyuma zinaamka zenyewe, helikopta inatokea mgongoni. Kwa mkanda! Ila usijidanganye, kopi ya kopi iliyotolewa kwenye banda la video haina hicho kitu, na mkanda wa harusi uliopigwa na kamera ya begani mara nyingi ni sauti moja ya ukingoni tu, sanasana utasikia jenereta na mashangazi. Kwa mikanda hiyo zima spika za nyuma, punguza sabufa, acha mbili za mbele. Watu wanawasha zote tano kwenye mkanda wa harusi afu wanasema deki mbovu.

Tuje kwenye picha na hiyo flati. Hapa ndo watu wanavunjika moyo, maana walikuwa wanaikumbuka picha kali, wanawasha wanaona uji. Deki haijabadilika, TV ndo imebadilika. VHS inatoa undani wa kama mistari 240 kwa upana, na kwenye TV ya kichogo ya inchi 14 au 21 hiyo ilitosha kabisa, sasa unaichukua hiyohiyo unaitandaza kwenye inchi 55 yenye vidoti 1920 kwa 1080 au zaidi. Ni kama kandambili ya mtoto kuivaa mtu mzima. Ndo maana mimi huwa nashauri, ukiweza kupata kichogo kizima usikitupe, mkanda kwenye kichogo ni mkanda nyumbani kwao.

Lakini kama lazma flati, kuna mambo ya kuokoa. Waya kwanza. Waya wa antena ndo mbaya kuliko wote, usitumie kama kuna njia nyingine. Waya wa njano wa AV ni sawa. Kama deki ina tundu la S-Video, lile la duara lenye vishimo vinne, na TV au redio yako inalo, tumia hilo, maana linatenganisha mwanga na rangi zisigombane njiani. Flati nyingi za sasa hazina hata hilo la njano, zina kitundu kama cha hedfoni na kiwaya chake cha kuunga, au hamna kabisa inabidi ununue kile kiboksi cha kubadilisha AV kwenda HDMI. Vile viboksi vya bei chee vinafanya kazi ila vinavuta picha ijaze skrini yote, bwana harusi anakuwa mnene na bibi harusi anapata mashavu. Ingia kwenye TV weka 4:3, umbo la TV za zamani, kubali ile mistari myeusi pembeni. Shusha shapunesi mpaka karibu na sifuri, zima mambo yote ya kusafisha picha kwa akili ya TV, zinaifanya sura ya mtu iwe kama imepakwa mafuta ya mawese.

Afu chini kabisa ya picha utaona kimstari kinachezacheza kama moto wa kuni. Usirudishe deki! Huo upo kwenye mikanda yote, ni pale hedi moja inapomaliza zamu na nyingine inapokea, zamani kichogo kilikuwa kinakata kingo za picha kwahiyo hatukuuona, flati inaonyesha kila kitu hadi aibu.

Kinachosumbua kweli ni picha kupinda juu, kichwa cha mtu kinaegemea kulia kama mlevi, au TV inatoa skrini ya bluu inasema hamna signo wakati mkanda unazunguka. Hiyo ni mambo ya muda. Mkanda ni plastiki, unavutika, unalegea, kwahiyo mistari ya picha haifiki kwa wakati mmoja, mmoja umewahi kidogo mwingine umechelewa. Kichogo kilikuwa kinavumilia, flati haina uvumilivu huo. Deki za juu zina kitu kinaitwa TBC, kazi yake ni kushika kila mstari na kuuachia kwa wakati sawa, na picha inanyooka kama imepigwa pasi. Utaipata kwenye deki kama Panasonic NV-FS200 na baadhi ya JVC za HR-S, nyingi ni za S-VHS, ule mfumo uliotoka 1987 wenye undani wa mistari kama 400. Hapo muelewane, mkanda wa kawaida ukiuweka kwenye deki ya S-VHS haugeuki kuwa S-VHS, unachonunua ni TBC, tundu la S-Video na mitambo iliyotengenezwa kwa uangalifu. Kama una mkanda mmoja wa harusi na unataka kuuona mara moja, hela hiyo nunulia samaki. Kama una boksi zima la familia na unataka kulihamishia kwenye kompyuta, tafuta TBC usiku na mchana.

Zile mbili kwa moja, deki na DVD kwenye bodi moja, mimi sizipendi sana, nyingi ni za miaka ya mwisho wakati makampuni yalikuwa yanabana gharama, plastiki tupu ndani. Afu baadhi yake lile tundu zuri la S-Video ni la DVD tu, mkanda unatoka kwenye njano.

Na hapa kwenye umri ndo penyewe. JVC ndo walioitoa VHS mwaka 1976, na kampuni ya mwisho duniani kuunda deki, Funai ya Japani, ilifunga mwaka 2016 kwa sababu hata spea zilikuwa hazipatikani. Maana yake deki yoyote utakayouziwa leo ni kuukuu, hata kama iko kwenye boksi lake na nailoni yake, mpira wa ndani umezeeka humohumo kwenye boksi. Kwahiyo jina la mbele lina uzito mdogo kuliko afya. Deki ya hedi mbili nzima inaishinda ya TBC inayokula mikanda.

Afya yake unaipima hivi. Nenda na mkanda ambao hata ukiliwa huumii, USIENDE na wa harusi. Mwambie muuzaji afungue mfuniko, ni skrubu nne au tano tu, akikataa ondoka. Tumbukiza mkanda uangalie unavyovutwa kuizunguka ngoma, uende bila kukwama wala kulia. Angalia kile kirola cha mpira mweusi kinachoubana mkanda, kikiwa kinang'aa kama kiatu cha mwanajeshi kimeshakufa, hicho ndo kinachokunja ukingo wa mkanda. Cheza dakika kumi sio moja, peleka mbele, rudisha nyuma mpaka mwisho, toa, afu angalia mkanda wenyewe kama una mkunjo. Kutoa na kuweka fanya mara tano. Mimi moja ilinikataa mara ya nne, mkanda ukabaki ndani umening'inia kama tambi.

Kusafisha hedi watu wanaharibu sana. Usitumie pamba ya masikioni, inaacha nyuzi zinazonasa kwenye hedi. Kipande cha ngozi laini, spiriti safi, kishike palepale ubavuni mwa ngoma bila kukandamiza, halafu ngoma uizungushe wewe kwa mkono kutokea juu. Kamwe usisugue kwenda juu na chini, hedi inakatika na ndo mwisho wa habari.

Kwa sisi wa kando ya ziwa kuna na ukungu. Shika mkanda tazama kwenye kile kidirisha, ukiona unga mweupe umekaa pembezoni kama chumvi, usiuweke kwenye deki nzuri, utaambukiza hedi na hedi itaambukiza mikanda mingine yote. Tafuta deki mbovumbovu iwe ya kusafishia. Na mkanda uliotoka chumba cha baridi ukaingia sebuleni kwenye joto uache kwanza utulie, deki nyingi zina kihisio cha unyevu, zikihisi maji zinagoma kabisa na mtu anadhani imeungua.

Kuungua kwenyewe mara nyingi kunatokana na kitu kimoja, deki iliyotoka Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, ukutani kwetu kuna 230. Niliwahi kununua moja nzuri sana kwa mtu, imenyooka, nikaifikisha nyumbani usiku nikaichomeka bila kusoma nyuma, ikatoa sauti kama mtu anafungua soda afu harufu. Elfu sitini ilikwenda hivyo. Soma kibandiko, na hata kama ni ya 230 pitishia kwenye stabilaiza.

Yule jirani tumempatia ya hedi nne, Hi-Fi, PAL, haina TBC wala makuu, mkanda wa mama ulikuwa wa PAL uliopigwa hapahapa mjini. Picha imepinda kidogo juu lakini nyuso zinaonekana. Tatizo lililobaki ni mama mwenyewe, kaifunika deki na kitambaa cha kufuma juu mpaka ubavuni, matundu ya hewa yote yamezibwa, nimemwambia mara mbili itapata moto na nikipita kesho yake nakuta kitambaa kimerudi.